Matembezi ya kihistoria katikati ya Arusha: ushahidi mzito, hukumu ya haraka

Mkazi wa Arusha anayetaka kutembezwa katika mji wake mwenyewe hupata taabu, kwa sababu waongoza watalii walio wengi wanamsubiri mgeni wa Serengeti na Ngorongoro, na maelezo yao kuhusu mji huishia sokoni, tena kwa Kiingereza. Kwa hiyo nimeona inafaa niandike kwa kirefu kuhusu matembezi ya miguu yanayoendeshwa Jumamosi asubuhi na mwalimu mstaafu wa historia, kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kutoka Mnara wa Saa mpaka Kaloleni. Simtaji jina kwa kuwa yeye mwenyewe hajitangazi. Wateja humfikia kwa kuelekezana, na kila mtu humwita Mwalimu tu. Malipo ni shilingi 20,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mwanafunzi, na kiingilio cha makumbusho mtu hujilipia mwenyewe.

Niseme mapema ninavyoiona huduma hii. Ujuzi wa Mwalimu ni wa hali ya juu, mpangilio wa vituo umefikiriwa vizuri, na fedha inayotolewa inarudi kwa mteja bila shaka yoyote. Lakini matembezi haya yamejengwa juu ya hoja moja, nayo ni kwamba Arusha ni mji ambamo watu wamekuja kuahidiana mambo makubwa, kwamba karibu kila ahadi iliyotolewa hapa imevunjwa, na kwamba kwa hiyo mwanadamu ni kiumbe asiyestahili kutegemewa, utamaduni wake wa pamoja ni pazia tu, na siasa yake haina mahali pa kwenda isipokuwa chini. Sehemu mbili za kwanza za hoja hiyo Mwalimu anazithibitisha kwa ushahidi mzuri. Ya tatu haithibitishi, na ninaamini kwamba ushahidi wake mwenyewe unaikataa.

Mnara wa Saa haukuchukua muda, na sawa, kwa kuwa hapana mengi ya kueleza pale zaidi ya kelele za magari. Kutoka hapo tulipanda Barabara ya Boma hadi kwenye Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya elimu viumbe. Wageni wengi huingia humo kuangalia wanyama na visukuku, na wachache huulizwa wafikirie kuta zenyewe. Mwalimu alitusimamisha nje, kivulini, akatueleza ni nani waliolazimishwa kulijenga boma lile mwanzoni mwa karne ya 20, na nini kilikuwa kimetangulia: safari za kijeshi za kuadhibu wenyeji wa Meru na Arusha, kisha kunyongwa kwa Mangi Meli wa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Alieleza pia kwamba inaaminika kichwa cha Mangi Meli kilipelekwa Ujerumani, na kwamba ukoo wake umeendelea kukitafuta hadi kizazi chetu. Alizungumza kwa sauti ya chini, bila kuongeza chumvi, na vijana wa chuo waliokuwa katika kundi letu waliacha simu zao mifukoni kwa muda wote huo.

Kituo kilichofuata ndicho kinachobeba matembezi yote, yaani jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC. Kundi la matembezi haliingii ndani, hivyo maelezo hutolewa upande wa nje ya uzio, na anayetaka kuona kumbi za mikutano asitegemee hilo. Mwalimu alianza na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1967, Arusha ikawa makao makuu, na jengo hili likakusudiwa kuwa nyumba yake. Lakini jumuiya ilisambaratika mwaka 1977, mali za reli, bandari na shirika la ndege zikagombaniwa, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Jengo lililokuwa limekusudiwa kuunganisha nchi tatu likabaki kukodishwa kwa mikutano.

Kisha akaja kwenye Rwanda, na hapa sina budi kukaa kidogo.

Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini hapa Arusha mkataba wa amani uliotakiwa kumaliza vita na kugawana madaraka. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyombeba Rais Habyarimana, akirudi kutoka Dar es Salaam alikokuwa amekwenda kuzungumzia utekelezaji wa mkataba huohuo, ilitunguliwa karibu na Kigali. Katika siku 100 hivi zilizofuata waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi. Mwezi Novemba mwaka huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama maalumu, na mahakama hiyo ikaletwa Arusha, katika jengo hilihili la AICC. Mji uleule uliotia saini amani ndio uliokuja kusikiliza ushahidi wa mauaji. Mwalimu alituacha tulitafakari hilo wenyewe kabla ya kuendelea, na nadhani alifanya vizuri.

Aliendelea na kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mwalimu alisisitiza kwamba Akayesu alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa meya, mtu aliyeheshimiwa na majirani zake, na akamalizia kwa kusema kwamba ukimtazama Akayesu unamtazama binadamu alivyo akiondolewa nguo.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye, na ninatofautiana naye kwa kutumia kesi aliyoileta yeye. Mahakama ilieleza katika hukumu yake kwamba katika siku za mwanzo za mauaji Akayesu alijaribu kuyazuia yasiingie Taba. Alibadilika baada ya mkutano wa tarehe 18 Aprili, ambapo viongozi wa serikali ya mpito walikutana na mameya huko Gitarama. Kabla ya siku hiyo alisimama upande mmoja. Baada ya siku hiyo akasimama upande mwingine. Ikiwa asili ya binadamu ndiyo iliyoua Taba, basi siku zile za mwanzo hazielezeki hata kidogo, kwa maana binadamu walikuwa walewale, makabila yaleyale, njaa ileile na hofu ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mwenye cheo, uliofanywa chini ya shinikizo la watu wengine wenye vyeo vikubwa zaidi, na majina yao yanajulikana.

Ninalichukulia jambo hili kwa uzito kuliko kasoro nyingine yoyote ya matembezi haya. Mahakama ile iliwafungulia mashtaka watu 93. Ilitumia zaidi ya miaka 20, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, kuuliza nani alisema nini, wapi, siku gani, na nani alikuwepo akasikia. Ililaumiwa kwa gharama na kwa mwendo wake wa polepole, na lawama hizo zina msingi. Hata hivyo kazi yake yote ilisimama juu ya imani kwamba uovu una mwenyewe. Anayesimama nje ya jengo hilo na kusema kuwa binadamu ndivyo alivyo anaifuta kazi hiyo kwa sentensi moja, kwa sababu palipo na wakosaji wote hapana mkosaji, na yule aliyetoa amri anajificha salama ndani ya umati wa sisi sote.

Kuna pia alichokiruka. Burundi nayo ililetwa Arusha. Mwalimu Nyerere aliongoza mazungumzo hayo hadi kifo chake Oktoba 1999, Nelson Mandela akayapokea, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Mapigano hayakukoma siku hiyo, na mwaka 2015 nchi ilirudi kwenye mgogoro mkubwa kuhusu muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Lakini katikati ya hapo palikuwa na katiba mpya, uchaguzi wa mwaka 2005, na mgawanyo wa nafasi serikalini na jeshini uliotokana na karatasi zilizoandikwa katika mji huu. Hiyo si habari ya ushindi, wala si habari ya kushindwa, na nadhani ndiyo maana haikupata nafasi katika matembezi. Mteja mmoja alipoiuliza, alijibiwa kwa ufupi kwamba mwisho wake ulikuwa uleule. Jibu hilo halitoshi kwa mtu aliyelipa nauli na kiingilio ili asikilize historia.

Tulipokuwa tukishuka Barabara ya Makongoro kuelekea Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Mwalimu aligeukia utamaduni. Aliwauliza vijana uwanja ule umepewa jina la nani. Walijua timu zilizochezea pale, lakini jina hawakulijua. Akawaeleza kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa mshairi aliyeandika sheria za utunzi wa mashairi ya Kiswahili, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere, na kwamba alifariki mwaka 1964 akiwa bado kijana. Halafu akasema kuwa taifa linaloupa uwanja jina la mshairi na kusahau kuwa alikuwa mshairi limekwisha kufa kiutamaduni, na tunachokiita utamaduni wetu siku hizi ni muziki wa tangazo na ngoma za kumpokea kiongozi.

Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, na yananiuma kama yanavyomuuma yeye. Watoto wanamaliza shule bila kuwahi kutunga hata ubeti mmoja, na shule inayojisifu mbele ya wazazi hujisifu kwa Kiingereza. Lakini nilimtazama mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekuja na binti yake. Mara tu Mwalimu alipotaja vina na mizani, mama huyo alianza kumweleza binti, kwa sauti ya chini, jinsi mizani inavyohesabiwa, na wavulana wawili wa chuo wakasogea kumsikiliza. Utamaduni uliokufa haufundishiki kando ya barabara namna ile. Kilichopungua ni watu wa kufundisha na mahali pa kufundishia, na hayo ni mambo ya bajeti, mitaala na uamuzi, yenye wahusika wanaoweza kuulizwa. Kuyaita kifo ni kuwaondolea wahusika hao swali.

Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha viko karibu na hapo, na hiki ni kituo kizuri sana. Mwalimu anakumbusha kwanza nia ya Mwenge, uliopandishwa na kuwashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 1961: kuleta tumaini pale ambapo hakuna matumaini. Kisha anaingia kwenye Azimio lenyewe, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 katika jengo hilihili na kutangazwa tarehe 5 Februari. Hakutusomea yale yanayosomwa siku zote kuhusu kutaifisha mabenki. Alitusomea miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Alisoma taratibu, kipengele kimoja kimoja, na baada ya kila kipengele alitulia kidogo ili kila mmoja wetu amfikirie kiongozi anayemjua.

Halafu akaeleza jinsi Halmashauri Kuu ya CCM, ilipokutana Zanzibar mwezi Februari 1991, ilivyoilegeza miiko hiyo bila mjadala wa wananchi, kiasi kwamba wengi waligundua baadaye kuwa ilikuwa imeshaondoka. Kutoka hapo alivuka hadi kwenye katiba. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni nchi nzima na kutoa rasimu. Bunge Maalumu likaibadilisha na kupitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba 2014. Kura ya maoni ikapangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika mpaka leo. Aliongeza pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha: mwaka 2013 iliamua, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kuzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za raia, na mwezi Novemba 2019 Tanzania ikajiondoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Mtu mwenye kesi dhidi ya serikali anaweza leo kulipita geti la mahakama hiyo kwa daladala, lakini hawezi kuifungua kesi yake humo.

Hii ndiyo sehemu niliyoithamini kuliko zote, na ndiyo ninayomshauri kila mpiga kura wa mji huu aisikie. Mwalimu hakutukana mtu, hakukampeni, wala hakuacha jambo likaelea bila mwaka na bila chombo kilichohusika. Kwa nusu saa ile alifanya kwa siasa zetu yale ambayo mahakama ilifanya kwa Taba. Ndiyo maana nilisikitika aliposhindwa kuishika njia hiyo hadi mwisho.

Mwisho ulikuwa kwenye kijiwe cha kahawa Kaloleni, kwa kahawa chungu na kashata, vyote vikiwa ndani ya malipo. Hapo ndipo maswali huruhusiwa, na bila shaka swali la kwanza lilihusu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025: vijana waliotoka barabarani katika miji kadhaa, intaneti iliyozimwa, na watu waliokufa ambao hata idadi yao bado inabishaniwa. Kijana mmoja wa chuo aliuliza kwa heshima, "Mwalimu, sasa sisi wa umri wetu tufanye nini?" Akajibiwa, "Mwanangu, fanya kazi yako, lea watoto wako, na usitegemee kitu kwa mtu yeyote mwenye bendera."

Ninaelewa jibu hilo linakotoka. Mzee aliyefundisha miiko ya uongozi darasani akiwa kijana, kisha akaishi kuona kila mwiko ukivunjwa na watu aliowasifu mbele ya wanafunzi wake, ana haki ya kuchoka, na uchovu wake una heshima kuliko matumaini ya bei rahisi yanayouzwa majukwaani. Sitaki mtu yeyote aende kwenye matembezi haya akitarajia kufarijiwa, na nisingependa Mwalimu aanze kufariji. Ninachokitaka ni kidogo na kigumu zaidi: kwamba anapomjibu kijana kama yule, asimwondolee kile alichompa asubuhi nzima. Alikuwa amemfundisha kuuliza nani, lini, na kwa idhini ya nani. Kumwambia baada ya hapo kwamba watu wote ni walewale ni kumwambia kwamba maswali hayo hayana kazi, na hakuna anayenufaika na fundisho hilo kama yule ambaye jina lake lingejitokeza katika majibu.

Ningependa pia aongeze kituo kimoja, hata kama ni cha maneno tu pale Boma. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, kudai ardhi hiyo. Katika Baraza Kuu hoja yao ilikosa theluthi mbili ya kura. Walishindwa, na alirudi nyumbani kuwaeleza waliomtuma kwamba wameshindwa, kisha akazunguka nchini akieleza kilichotokea, na habari ile ikawa mojawapo ya mbegu za siasa za uhuru katika Tanganyika. Habari hii haina mwanga wa kupita kiasi. Ardhi haikurudishwa kwa hotuba ile. Lakini inaonyesha watu wa mlima huu wakishindwa bila kuamini kuwa kushindwa ndiko kulikoandikwa katika asili yao, na mji unaotembezwa bila wao unatembezwa nusu.

Kuhusu mambo ya kawaida ya huduma: kundi letu halikuzidi watu kumi na wote tulisikia vizuri, isipokuwa kando ya Makongoro ambako malori yalitufunika, kipaza sauti kidogo cha mkononi kingetosha. Muda ni saa nne hivi, na mzee asiyeweza kusimama sana atataabika nje ya AICC kwa kuwa hapana pa kukaa. Vyoo vinapatikana kwenye makumbusho zote mbili kwa wenye tiketi. Malipo hupokelewa kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha hutumwa papo hapo. Watoto walio chini ya miaka 12 nisingewapeleka, kwa sababu ya maelezo ya Rwanda, lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea aende, ikiwezekana na mzazi wake. Na kila anayekwenda amwombe Mwalimu aruhusu maswali palepale Mwenge, kabla ya kahawa, miiko ikiwa bado imefunguliwa mkononi mwake.